Saa ya Sheria na Saa ya Jua Katika Nchi ya Marekani

Mtu akiulizwa ni nani aliyeweka saa sita ya mchana, huenda akajibu bila kufikiri kwamba ni jua. Jibu hilo lilitosha kwa wazee wa zamani, na kwa watu wakaao Afrika Mashariki bado li karibu na kweli. Huku jua huchomoza na kutua karibu wakati ule ule mwaka mzima, na saa za Kiswahili zenyewe huhesabiwa tangu kucha na tangu kuchwa. Lakini katika nchi ya Marekani jibu hilo halitoshi hata kidogo. Huko saa sita iliwekwa kwanza na kila mji, kisha na kampuni za reli, kisha na Bunge, kisha na miji tena, kisha na Bunge kwa mara ya pili. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja watu wa nchi hiyo wamekuwa wakishindana juu ya mishale ya saa, mkulima kwa upande wake na mwenye duka kwa upande wake, wala shauri lenyewe halijakwisha.

Habari hizi zafaa kujulikana, kwa maana si habari za saa peke yake. Ni habari za sheria inayotungwa mjini na kumfikia mtu aliye zizini akikama ng'ombe.

Katika maelezo haya saa zote zimehesabiwa kwa Kiswahili, yaani saa moja ya asubuhi ni ile ambayo Wazungu huiita saa saba.

Kila mji na saa yake

Dunia huzunguka mara moja kwa saa 24, na mduara wake wote una digrii 360. Kwa hiyo katika kila saa moja jua huonekana kupita digrii 15, na kila digrii ni dakika 4. Nchi ya Marekani, bila kuhesabu Alaska wala visiwa vya Hawaii, ina upana wa digrii 57 hivi kutoka mashariki hata magharibi. Maana yake ni kwamba jua likiisha kufika katikati ya safari yake katika pwani ya mashariki, hupita karibu saa nne kabla halijafika mahali hapo katika pwani ya magharibi.

Zamani jambo hili halikumsumbua mtu. Kila mji uliweka saa yake kwa kulitazama jua lake wenyewe. Msafiri aliyekwenda kwa farasi au kwa gari la ng'ombe alirekebisha saa yake kwa dakika chache kila alipofika, wala hakuona tabu. Tabu ilikuja pamoja na reli. Gari la moshi hukimbia, nalo hufuata ratiba. Magari mawili yatumiayo njia moja, kila dereva na saa yake, yaweza kukutana mahali pasipotazamiwa. Kila kampuni ya reli ikachagua saa ya mji wake mkubwa na kuifuata katika njia zake zote, hata ikawa reli za nchi hiyo zafuata saa zipatazo 50 mbalimbali. Katika stesheni kubwa zilitundikwa saa kadhaa ukutani, kila moja ya kampuni yake, na abiria alikuwa na kazi ya kutambua ipi ni yake.

Aliyelitatua fumbo hilo ni Bwana William F. Allen, katibu wa mkutano wa makampuni ya reli. Mpango wake ulikubaliwa katika mwezi wa Oktoba 1883, nao uliigawa nchi katika kanda nne. Ndani ya kila ukanda saa zote ziwe sawa, na ukanda mmoja upitane na jirani yake kwa saa moja kamili. Jumapili tarehe 18 Novemba 1883 ndiyo siku mpango huo ulipoanza. Katika miji mingi iliyo upande wa mashariki wa ukanda wake, saa ziligonga sita ya mchana kwa jua. Kisha, mishale ilipokwisha kurudishwa nyuma, zikagonga sita mara ya pili, kwa habari iliyoletwa na simu ya maandishi. Watu wakaiita siku ya adhuhuri mbili.

Msomaji na aangalie jambo moja. Hapakuwa na sheria ya Serikali iliyoamuru hayo. Wenye reli waliamua wao wenyewe, na miji mingi ikafuata kwa kuwa hakuna aliyetaka kuachwa na gari. Ilipita miaka 35 kabla Bunge halijaandika kanda hizo katika sheria.

Walakini si wote waliokubali. Mji wa Detroit uko mbali na katikati ya ukanda wa mashariki, tena uko mbali na katikati ya ukanda uliofuata. Ukiifuata saa ya huku, jua lachelewa. Ukiifuata ya kule, jua lawahi. Mwaka 1900 halmashauri ya mji iliamuru saa zirudishwe nyuma kwa dakika 28. Nusu ya watu wakatii, na nusu wakakataa. Kila mwaliko ukawa na maulizo: kwa saa ipi, ya jua au ya halmashauri? Amri ile ikafutwa. Mtu mmoja akatoa shauri la mzaha kwamba lijengwe jiwe la kupimia kivuli cha jua mbele ya ofisi za mji. Halmashauri, nayo kwa mzaha, ikalipeleka shauri hilo kwa kamati ya mifereji ya maji machafu. Mwaka 1905 watu walipiga kura na kuichukua saa ya ukanda wa kati, na mwaka 1915 mji ukahamia saa ya ukanda wa mashariki.

Saa ya kiangazi na hasira ya wakulima

Hapa sharti ielezwe kwa nini watu wa nchi za kaskazini walifikiri kuisogeza saa mbele wakati wa joto. Karibu na Ikweta, mchana wa mwezi wa Juni na mchana wa mwezi wa Desemba hupitana kwa dakika chache tu. Si hivyo New York. Katika mwezi wa Juni mchana wa huko huwa wa saa 15, na katika Desemba huwa wa saa 9 na robo hivi. Saa zisipobadilishwa, jua la Juni huchomoza New York karibu saa kumi na nusu ya alfajiri, watu wengi wa mjini wakiwa bado wamelala. Mwanga wa alfajiri hupotea bure, na jioni watu huwasha taa. Basi baadhi ya watu walisema: tuisogeze saa mbele kwa saa moja, watu waamke mapema bila kujijua, na ule mwanga wa asubuhi upate kutumika jioni.

Shauri hilo lilisemwa na Bwana George Hudson wa New Zealand mwaka 1895, na Bwana William Willett wa Uingereza akaliandikia kijitabu mwaka 1907. Watu waliwacheka. Vita Kuu ya kwanza ndiyo iliyozima kicheko. Ujerumani ilisogeza saa zake mwaka 1916 ili kupunguza makaa ya mawe yatumiwayo kwa taa, na Uingereza ikafuata majuma machache baadaye. Marekani nayo ilipoingia vitani ilifanya vivyo hivyo. Sheria ya tarehe 19 Machi 1918 ilifanya mambo mawili pamoja: ilizitia kanda za reli katika sheria ya nchi, na ikaamuru saa zisogezwe mbele kuanzia siku ya mwisho ya Machi hata Jumapili ya mwisho ya Oktoba.

Hata leo wako Wamarekani wengi wadhanio kwamba saa ya kiangazi iliwekwa kwa ajili ya wakulima, ati wapate mwanga zaidi shambani. Hilo si kweli kabisa. Wakulima ndio walioipinga kwa nguvu kuliko watu wote, na sababu zao zafahamika kwa urahisi na kila mtu aliyewahi kushika jembe.

Ya kwanza ni umande. Majani ya kulisha mifugo hayawezi kukatwa na kukusanywa yakiwa na maji, maana yataoza ghalani. Umande hukaushwa na jua, wala haujali saa. Saa ikisogezwa mbele, vibarua hufika kwa saa ya sheria na kukaa wakingoja umande ukauke, huku mshahara wao ukihesabiwa. Jioni, wakati majani yamekauka vizuri na kazi yaendelea, saa ya sheria hugonga, na vibarua huweka nyenzo chini na kwenda zao. Mkulima hupoteza saa moja asubuhi, na jioni hawezi kuirudisha.

Ya pili ni maziwa. Ng'ombe huzoea kukamwa wakati wake, naye hana habari ya Bunge. Lakini gari la moshi lichukualo maziwa kwenda mjini huondoka kwa saa ya sheria. Kwa hiyo mkulima alilazimika kuamka mapema zaidi na kukama gizani kwa taa, tena kumkama mnyama ambaye bado hakuwa tayari. Mafuta ambayo mtu wa mjini aliyaokoa jioni, mkulima aliyachoma alfajiri.

Ya tatu ni duka. Mkulima huacha kazi jua likishuka. Akifika mjini kununua msumari au dawa ya mifugo, hukuta milango imefungwa tangu saa moja iliyopita.

Vita vilipokwisha, wakulima walipeleka malalamiko yao katika Bunge, na Bunge likapitisha sheria ya kuifuta saa ya kiangazi. Rais Woodrow Wilson alikataa kutia sahihi. Bunge likapitisha mara nyingine, Rais akakataa mara ya pili. Lakini katiba ya Marekani husema kwamba mabaraza yote mawili yakikubaliana kwa theluthi mbili, neno la Rais hushindwa. Mwezi wa Agosti 1919 ndivyo ilivyokuwa. Wakulima walimshinda Rais wa nchi kwa ajili ya umande na maziwa.

Fujo ya miaka 20

Ushindi huo ulileta tabu nyingine. Sheria ilipofutwa, kila mji na kila jimbo liliachiwa kufanya lipendavyo. New York uliendelea na saa ya kiangazi, kwa maana wafanya biashara wake waliipenda. Vijiji vingi viliikataa. Vita Kuu ya pili ilipofika, Serikali iliweka saa ya vita, saa moja mbele kwa nchi nzima, kiangazi na wakati wa baridi, kuanzia tarehe 9 Februari 1942 hata tarehe 30 Septemba 1945. Siku ile vita vilipokwisha na sheria hiyo ikaisha, fujo ikarudi tena, mara hii kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa watu walikuwa wengi zaidi na mabasi, simu na redio zilikuwa zimeenea.

Mifano michache yatosha. Katika jimbo moja tu la Iowa, mwaka 1965, zilihesabiwa namna 23 mbalimbali za tarehe za kuanza na kumaliza saa ya kiangazi. Miji ya Minneapolis na Saint Paul, ambayo imetenganishwa na mto tu na ambayo watu wake hulala huku wakafanya kazi kule, ilikuwa na saa mbili tofauti kwa muda wa majuma mawili mwaka huo huo. Tena kulikuwa na basi lililokwenda kutoka Steubenville katika jimbo la Ohio hata Moundsville katika jimbo la West Virginia, safari ya maili 35. Abiria aliyetaka saa yake iwe sahihi njia nzima alipaswa kuibadilisha mara saba.

Wenye mabasi, reli, ndege na redio walichoka. Karani wa stesheni aliyekuwa akichapisha ratiba hakumaliza moja kabla nyingine haijaharibika. Mwishowe, tarehe 13 Aprili 1966, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya kuzilinganisha saa. Sheria hiyo haikuulazimisha mtu yeyote kupenda saa ya kiangazi. Ilisema hivi: jimbo litakaloitaka, liianze na kuimaliza siku zile zile na majimbo mengine, na jimbo lisiloitaka, likatae lote zima, si mji huu wakubali na mji ule wakatae. Tena mabadiliko yafanyike saa nane ya usiku, wakati watu wengi wamelala na magari ni machache. Kazi ya kuchunga mipaka ya kanda ikapewa Wizara ya Uchukuzi.

Hawaii, iliyo karibu zaidi na Ikweta, ilikataa tangu mwaka 1967, kwa maana mchana wake haubadiliki sana. Arizona nayo ilikataa mwaka 1968, kwa sababu iliyo kinyume cha ile ya New York. Arizona ni nchi ya jangwa. Mtu wa huko wakati wa kiangazi hatamani jua likawie jioni. Hutamani litue upesi apate kupumua. Hata hivyo Wanavajo, ambao nchi yao imeingia katika majimbo matatu, waliamua kuifuata saa ya kiangazi ili watu wao wote wawe na saa moja. Na Wahopi, ambao nchi yao imezungukwa na nchi ya Wanavajo, hawaifuati. Kwa hiyo wakati wa kiangazi msafiri aweza kutoka Arizona, akaingia kwa Wanavajo, akaingia kwa Wahopi, akarudi kwa Wanavajo, naye akabadilisha saa yake kila mpakani bila kutoka katika jimbo lile moja.

Asubuhi za giza za mwaka 1974

Katika habari hizi zote hakuna sehemu iliyo ya huzuni kuliko ile ya mwaka 1974. Mwezi wa Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao yasiende Marekani. Magari yalipanga mistari mirefu kwenye vituo vya petroli. Serikali ilitafuta kila njia ya kupunguza matumizi, na njia moja ilikuwa kusogeza saa mbele mwaka mzima, bila kurudi nyuma wakati wa baridi. Rais Richard Nixon alitia sahihi mwezi wa Desemba 1973, ikawa jaribio la miaka miwili. Wakati huo, watu 79 katika kila mia walisema kwamba shauri hilo ni zuri.

Saa zilisogezwa tarehe 6 Januari 1974, katikati ya baridi. Katika mji mkuu wa Washington jua likawa lachomoza karibu saa mbili na nusu ya asubuhi. Wazazi walio makarani waliamka gizani na kwenda kazini gizani. Na watoto wao walisimama gizani kando ya barabara wakingoja basi la shule. Katika majuma ya kwanza watoto kadhaa waligongwa na magari wakienda shuleni, na wengine walikufa. Katika jimbo la Florida vifo hivyo viliwatia watu uchungu mkubwa, hata Gavana wake, Reubin Askew, akaliomba Bunge liifute sheria. Shule nyingine zilichelewesha masomo ili kungoja mwanga. Wazazi wengine waliwapa watoto wao tochi. Ilipofika Februari, waliokuwa wakilipenda shauri lile walikuwa wamebaki 42 katika kila mia.

Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo, Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria ya kuirudisha saa ya kawaida wakati wa baridi. Jaribio la miaka miwili halikumaliza hata mwaka mmoja. Jambo ambalo lilionekana jema sana katika karatasi, na ambalo wengi walilisifu mwezi wa Desemba, lilishindwa na asubuhi chache za giza za Januari.

Kubadilisha tena na tena

Tangu hapo Bunge limekuwa likiirefusha saa ya kiangazi kidogo kidogo. Sheria ya mwaka 1986 iliamuru ianze Jumapili ya kwanza ya Aprili badala ya Jumapili ya mwisho. Sheria ya mwaka 2005 iliirefusha tena, na tangu mwaka 2007 huanza Jumapili ya pili ya Machi na kuisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Yaani saa iitwayo ya kiangazi sasa hushika karibu miezi minane ya mwaka, na ile iitwayo ya kawaida hushika minne tu. Waliosukuma mabadiliko hayo hawakuwa wakulima. Walikuwa ni wenye maduka, wenye viwanja vya gofu na wengine ambao biashara zao hustawi watu wanapotoka kazini kungali mchana.

Je, nishati iliyotarajiwa kuokolewa, imeokolewa? Wizara ya Nishati ilipima majuma yale yaliyoongezwa, nayo ikatangaza mwaka 2008 kwamba umeme uliookolewa ulikuwa kama nusu ya sehemu moja katika kila mia kwa siku. Lakini wataalamu wa uchumi walioichunguza Indiana, jimbo ambalo lote lilianza kuifuata saa ya kiangazi mwaka 2006 tu, walikuta kinyume chake: umeme wa majumbani uliongezeka kwa kadiri ya sehemu moja katika mia. Sababu yake si ngumu. Siku hizi taa hula umeme kidogo, lakini mashine za kupoza hewa hula mwingi. Na mtu arudiye nyumbani jua lingali kali huiwasha mashine hiyo mara moja. Hesabu iliyofaa wakati wa taa za mwaka 1918 si lazima ifae katika nyumba za leo.

Kwa wenye kazi ya kuandika daftari, usiku wa mabadiliko una mambo yake. Jumapili ya Machi, saa nane ya usiku hurukwa ikawa saa tisa. Saa moja nzima haipo katika siku hiyo. Jumapili ya Novemba, saa nane ikifika hurudi kuwa saa saba. Saa moja hiyo hupita mara mbili. Muuguzi wa zamu ya usiku aliyezoea kazi ya saa nane hufanya kazi ya saa tisa, na sheria yataka alipwe tisa. Mtoto aliyezaliwa baadaye aweza kuandikwa kwamba alizaliwa mapema kuliko aliyemtangulia. Magari ya moshi ya kampuni ya Amtrak yaliyo njiani usiku huo wa Novemba husimama na kungoja saa moja ipite, yasije yakafika kabla ya ratiba. Na usiku wa Machi hujikuta yamechelewa saa nzima, dereva asiwe na kosa lolote.

Watu wengi wamechoka na kusogeza huku na kule. Tarehe 15 Machi 2022 Seneti ilipitisha mswada wa kuifanya saa ya kiangazi kuwa ya kudumu, wala hakuna aliyepinga. Lakini Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura, nao ukafa muda wa Bunge lile ulipokwisha. Majimbo kadhaa, Florida likiwa mojawapo tangu mwaka 2018, yamepitisha sheria zao ya kuishika saa ya kiangazi daima. Lakini sheria hizo zalala kabatini, kwa maana sheria ya nchi huruhusu jimbo kukaa na saa ya kawaida mwaka mzima, wala hairuhusu kukaa na saa ya kiangazi mwaka mzima. Chama cha madaktari wa mambo ya usingizi nacho kilitangaza mwaka 2020 kwamba, kama ni kuchagua moja, ichaguliwe ile ya kawaida, kwa kuwa mwili wa binadamu huamshwa na mwanga wa asubuhi.

Basi pande tatu zavutana. Mmoja ataka jioni ndefu, wa pili ataka asubuhi yenye mwanga, wa tatu hajali ipi mradi asiguse saa yake tena. Wote watatu wakubali kwamba kubadilisha ni udhia, lakini kila mmoja akumbuka hasara yake mwenyewe. Nao wazee waliokuwa watoto mwaka 1974 wangali wakikumbuka zile tochi.

Yawafaayo wasomaji

Kwa mtu wa Afrika Mashariki mwenye mwana anayesoma Marekani, au mwenye biashara na watu wa huko, jambo la kushika ni hili. Saa ya Nairobi haibadiliki. Wakati wa baridi Nairobi huitangulia New York kwa saa nane, na wakati wa saa ya kiangazi kwa saa saba. Mpaka wa majira hayo mawili ni Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Jumapili hiyo ya Novemba ndiyo siku ya mbio ndefu za New York, ambazo wakimbiaji wa Kenya wamezishinda mara nyingi. Mtu atakaye kuzisikiliza na asihesabu kwa tofauti ya siku iliyotangulia, asije akafungua redio saa nzima kabla ya wakati.

Na kwa watu wenye kutunga kanuni, hata kama ni kanuni ya saa za soko au ya gari la maziwa, habari hizi zina fundisho. Mpango wa mwaka 1883 ulidumu kwa sababu ulitatua shida ambayo kila abiria aliiona kwa macho yake. Sheria ya mwaka 1918 ilianguka kwa sababu waliobeba mzigo wake hawakuulizwa. Ya mwaka 1966 ilisimama kwa sababu iliacha mlango kwa asiyetaka, ikakataza fujo tu. Ya mwaka 1974 ilianguka kwa sababu ilihesabu mafuta, ikasahau kuwahesabu watoto walio njiani.

Bunge laweza kuisogeza mishale ya saa kwa kura moja. Umande hukauka wakati wake, na ng'ombe hukamwa wakati wake. Mtunga sheria mwenye busara huuliza kwanza yale ambayo sheria yake haiwezi kuyasogeza, ndipo atie kalamu katika wino.